Pingamizi Dhidi ya Kitinda Mimba

Jumatatu, tarehe 2, mwezi wa tatu

Leo nimeanza kazi ya serikali. Nitaandika, maana mambo makubwa yasipoandikwa watu huyapunguza. Darasa la watu wazima nilisoma miezi michache nikaacha, mwalimu alikuwa mbishi. Ilinitosha. Wapo waliosoma hadi wakaota mvi shuleni na bado wanatafuta mtu wa kuwasomea ujumbe wa simu.

Kazi yenyewe ni hii. Daftari la wapiga kura limechapishwa, sasa linawekwa hadharani kila mtu aje ahakikishe jina lake kabla ya uchaguzi. Limewekwa barazani kwenye ukumbi wa mtaa. Mlinzi ni mimi. Asubuhi nayatundika makaratasi kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, jioni nayaanua. Mvua ikinuia, nayaanua kabla haijasema neno. Walitaka mtu mwaminifu anayekaa karibu na ukumbi, wakauliza mtaa mzima, wakaelekezwa kwangu. Fundi cherehani wa hapa mtaani anasema wameelekezwa kwangu kwa sababu wengine wote wana shughuli. Yule ni mtu wa wivu tangu zamani.

Karani waliyemleta ni msichana wa miwani mikubwa. Akaniambia, "Mzee, usiruhusu mtu ayashike."

Nikamwambia, "Mwanangu, mimi nimelinda ghala la mbolea mpaka wakanizawadia saa ya ukutani. Hata panya walikuwa wanabisha hodi."

Hakucheka. Hawa wa siku hizi wanafundishwa kila kitu isipokuwa kucheka.

Jumanne, tarehe 3

Mvua tangu alfajiri. Hapakutundikwa kitu. Karani alikula chakula chake peke yake ndani, mimi changu nje.

Jumatano, tarehe 4

Jua limetoka na watu wametoka nalo. Nimegundua jambo. Mtu hatafuti jina lake kwa macho, analitafuta kwa kidole. Karani akipiga kelele, "Msiguse!" kidole kinaondoka, akigeuka kinarudi. Jioni karatasi zimeota alama nyeusi kama chungu kilichoungua.

Mwenye bucha kajikuta ameandikwa mwanamke. Alipandwa na ghadhabu, akasema hilo ni tusi, ana watoto saba. Fundi cherehani akamwambia, "Shemeji, usiwe na haraka ya kurekebisha. Serikali haikurupuki, huenda kuna jambo inalijua." Baraza zima likaanguka kwa kicheko. Hata karani safari hii alificha mdomo kwa daftari. Mwenye bucha kajaza fomu ya marekebisho huku amevimba, na kaapa kutomuuzia fundi nyama mpaka kiama.

Jina langu mimi sijalitazama. La nini? Najijua nipo.

Ijumaa, tarehe 6

Stoo ya ukumbi inavuja. Nikamwambia karani makaratasi yakilala mle, wapiga kura wote watakuwa uji. Nyumbani kwangu kuna chumba kimoja kisichovuja hata tone, paa lake nililiezeka mwenyewe kwa mikono hii. Akasita, akasema utaratibu haumruhusu. Nikamwambia utaratibu hauna paa. Jioni tulihamisha mbao za matangazo za tume ya uchaguzi na makaratasi yote, tukayalaza kwenye kitanda.

Chumba hicho ni cha kitinda mimba wangu. Nieleze, maana nikifa atakayesoma asijisumbue. Huyu ndiye mtoto aliyebaki, dada zake walitangulia wakiwa wadogo, na mama yake alitangulia mwaka wa uchaguzi ule wa kabla ya uliopita. Anafanya kazi mji ule mkubwa, mwendo wa usiku kucha kwa basi, kwenye uwanja wa makontena. Anaendesha kreni. Mwanamke! Anapanda ngazi mpaka ukimtazama shingo inalia, anakaa kwenye kijumba cha kioo, ananyanyua kontena zima kama wewe unavyonyanyua kifuniko cha sufuria. Mtaa huu hakuna mwingine mwenye mtoto wa namna hiyo, na nimewaambia wote.

Tangu tumzike mama yake haji hovyo hovyo. Huja uchaguzi ukifika, maana jina lake liko hapa. Anakuja jana yake, tunapanga foleni pamoja, anapiga, anaondoka. Watu wanalalamika uchaguzi una kelele. Mimi ndio unaoniletea mwanangu.

Fundi kaniuliza leo, "Kreni anakuja lini?" Ndivyo anavyomwita. Nikamwambia, kura si imeshatangazwa? Basi keshafika huyo.

Jumatatu, tarehe 9

Leo nimelitazama jina langu. Karani alisema, "Mzee, umebaki wewe tu hujajihakiki." Nikasema haya, nikuridhishe.

Nipo. Limeandikwa vizuri, herufi zote zimesimama. Ukoo wetu mtaani humu tumebaki wawili, basi miaka yote majina yetu yanafuatana, mimi juu, yeye chini yangu. Leo chini yangu yupo mtu simjui. Nikadhani nimeruka mstari. Nikaanza tena juu ya karatasi, kwa kidole. Karani hakunikemea. Nikafika kwangu, nikashuka, yuleyule nisiyemjua.

Nikamwambia, "Karani, mmemfuta mwanangu."

Akabofya kibao chake cha kioo. "Hajafutwa, mzee. Amehama kituo."

"Kahamishwa na nani?"

"Kahamisha mwenyewe. Atapiga kura huko anakofanya kazi. Alijaza mwaka jana."

"Haiwezekani. Angeniambia."

Karani akavua miwani akaifuta, na haikuwa na uchafu. Akasema, "Labda alikuwa na haraka." Nikamjibu mwanangu hana haraka, anaendesha kreni, kreni haina haraka. Kisha nikaenda kusimama upande wa pili wa baraza, maana kulikuwa na watoto waliotaka kuwachora watu masharubu kwenye picha zao za daftarini.

Jumanne, tarehe 10

Mvua. Sina la kuandika.

Alhamisi, tarehe 12

Nimempigia. Akiwa juu simu haruhusiwi, kwa hiyo nilingoja jioni. Alipokea akihema.

"Shikamoo, baba. Kuna nini?"

Kwa nini lazima kuwe na kitu? Nikamwambia marahaba, hakuna kitu, mimi sasa ni mtu wa serikali, nalinda daftari. Nikamsimulia na yule mwizi wa magunia niliyemkamata ghalani kwa kukitambua kikohozi chake gizani. Habari hiyo anaijua. Akasema, "Hongera, baba." Nilingoja aseme mwenyewe habari ya jina. Yeye naye sijui alikuwa anangoja nini. Nikasikia redio ya jirani yake. Nikamwambia lala salama, nikakata.

Mimi si mtu wa kuomba. Hata mbolea ilipokuwa ikigawiwa bure sikupanga mstari.

Ijumaa, tarehe 13

Amekuja mama mmoja mjane, anauza mkaa nyuma ya kituo cha mafuta. Jina lake kaliona, akaliacha, akaenda karatasi ya pili kuliangalia la mumewe aliyezikwa mwaka jana. Karani akamwambia kwa upole ajaze fomu marehemu aondolewe. Mama akauliza, "Lazima leo?" Karani akasema si lazima leo, ila mwisho ni Ijumaa ijayo. Mama akasema, "Basi nitakuja Ijumaa hiyo." Kumbe ndiye yule anayepita kila siku, anasimama pale, anakwenda zake.

Zamani ningesema mtu wa kuzungumza na karatasi ana kasoro. Leo nilimsogezea kiti.

Jumatatu, tarehe 16

Leo nimejifunza kitu, na kwa umri wangu kujifunza ni jambo la kuandikwa.

Mwenye duka la mabati kaja kuweka pingamizi dhidi ya mpangaji wake wa zamani, kwamba bado yuko daftarini ilhali alihama na hata funguo hakurudisha. Karani akampa fomu. Mimi nikauliza, kwa faida ya kazi tu, kinafuata nini.

"Anayepingwa anaitwa," karani akasema. "Anakuja mbele ya msimamizi wa uchaguzi, anajitetea."

"Lazima aje mwenyewe?"

"Mwenyewe, mzee. Asipokuja, jina linaondolewa."

"Hata akiwa mbali?"

"Hata akiwa mwezini."

"Na aliyehama kituo, kule alikokwenda, naye anaweza kupingwa kutokea hapa alikotoka?"

"Anaweza. Msimamizi wa hapa ndiye anayesikiliza."

Nilikwenda kuweka vibanio sawa. Vilikuwa sawa.

Jumanne, tarehe 17

Nimeweka pingamizi.

Karani akauliza, "Dhidi ya nani?"

"Dhidi ya kitinda mimba wangu."

Akaweka kalamu chini. "Mzee, huyu si mwanao?"

"Ndiyo maana namjua vizuri kuliko ninyi."

Fomu ina sehemu ya sababu. Nimeijaza kwa herufi kubwa: HUYU SI MKAZI WA HUKO. NI MKAZI WA HAPA. KITANDA CHAKE KIPO. Karani akaisoma, akaanza, "Lakini mzee, unaelewa kwamba pingamizi likikubaliwa..." Nikamkatiza, nikasema naelewa. Sikuwa naelewa alichotaka kusema, lakini mimi sipendi kuanza kuelewa mbele ya watu, na fundi alikuwa amesimama pale na futi yake shingoni, masikio kama sungura.

Tulipobaki wawili fundi akaniambia, "Wewe umemshtaki mwanao kwa serikali?"

"Sikumshtaki. Nimempinga."

"Sikio la kufa," akasema, akaenda zake hata methali hakuimaliza.

Ijumaa, tarehe 20

Mwisho wa maonyesho. Mvua ilishuka ghafla mchana, kubwa ya kishindo, upepo ukaiingiza barazani. Mimi na karani tulianua tukikimbia, na yule mama wa mkaa akatusaidia kubeba, amezikumbatia karatasi kama mtoto. Nyingine zililowa. Nimefunga kamba chumbani kutoka dirishani hadi kwenye msumari wa kutundikia kioo, nikazitundika zikauke. Zile kavu zipo kitandani na mbao zake mpaka gari la tume lije kuzichukua.

Fomu ya kumwondoa marehemu mumewe, mama yule hakuijaza. Karani naye hakumuuliza.

Jumanne, tarehe 24

Wito umemfikia. Najua kwa sababu simu yangu imelia tangu jioni, inanyamaza, inalia tena. Sikupokea. Si kwamba naogopa. Mtu aliyelinda ghala peke yake haogopi simu. Nilikuwa nakosha vyombo, na kisha nikakosha vingine.

Ijumaa, tarehe 27

Nitaandika yote, hata yanayonichoma.

Amekuja. Alishuka basi la alfajiri akaja moja kwa moja ukumbini, nyumbani hakupita. Kavaa viatu vya kazi vya chuma mbele. Kakonda, au mimi nimesahau alivyokuwa. Nilikuwa nimevaa koti langu. Nikanyoosha mkono, akanisalimia shikamoo kama anavyosalimiwa mzee wa njiani, akakaa upande wa pili wa meza. Upande wa wapingwa.

Msimamizi wa uchaguzi ni mama mtu mzima, sauti nzito, hana mchezo. Karani alikaa pembeni akiandika. Fundi alijifanya amekuja kurekebisha pazia la ukumbi.

Msimamizi akanisomea fomu yangu, akauliza, "Mzee, unashikilia haya?"

"Nayashikilia kwa mikono miwili."

Akamgeukia yeye. "Na wewe unaishi wapi?"

"Kule, karibu na uwanja wa makontena. Nimepanga chumba. Mkataba huu hapa, na kitambulisho cha kazi."

Nikasema, "Chumba cha kupanga si makazi. Kitanda chake kiko kwangu, na kimetandikwa. Mnataka ushahidi? Kutoka hapa ni kutupa jiwe."

Msimamizi akatazama saa yake, kisha akafunga faili. "Twende tukakione."

Tukatoka wote, na fundi na pazia lake nyuma. Njiani nilitembea mbele kifua wazi. Naapa kwa aliyeniumba, haikunijia akilini. Kichwani mwangu kitanda kile kimetandikwa tangu siku aliyoondoka, shuka la maua, mto umesimama. Ndivyo ninavyokiona kila ninapokitaja. Mwezi mzima naingia chumba kile kila siku, naweka mbao, natoa mbao, na kitanda kile kingine kichwani hakikupungua hata kidogo.

Nikasukuma mlango.

Makaratasi yamejaa kitandani kuanzia kwenye mto hadi miguuni. Mbao zimeegemea ukuta. Karatasi zilizolowa zinaning'inia chumba kizima, ilibidi msimamizi ainame kupita, majina yakimgusa nywele. Akasimama katikati akaangalia huku na huku.

"Mzee," akasema, "mtaa mzima naona unalala hapa. Binti yako tu ndiye simwoni."

Fundi alitoka nje haraka, nikamsikia anakohoa kikohozi cha kicheko. Karani akawa mwekundu wa macho, akaeleza kwamba stoo inavuja, aliandika barua mara mbili hakujibiwa. Msimamizi akamwambia hilo watalizungumza ofisini.

Mwanangu hakucheka. Aliinua karatasi moja iliyokuwa juu ya mto, akaisoma kidogo, akairudisha palepale taratibu, kama anaogopa kumwamsha mtu.

Msimamizi akaniuliza, "Alilala hapa mara ya mwisho lini?"

"Juzi juzi."

"Baba," akasema yeye.

"Kwangu mimi ni juzi juzi."

Nje mvua ilikuwa imeanza kudondoka juu ya bati, moja moja. Msimamizi akavuta kiti, akakaa, akasema sasa kwa sauti nyingine, "Mzee, nikueleze kitu. Unajua ukishinda pingamizi hili kinatokea nini?"

"Jina lake linarudi hapa. Chini yangu."

"Halirudi. Daftari la hapa limefungwa. Pingamizi halileti jina, linaliondoa. Ukishinda, kule anafutwa, na hapa hayupo. Safari hii hapigi kura popote."

Nilimtazama karani. Karani akatazama chini. Yeye alitaka kuniambia, siku ile, na nikasema naelewa.

"Una haki ya kuendelea," msimamizi akasema, "na una haki ya kuliondoa. Sema."

Mimi sijawahi kuondoa kitu. Kwenye ghala walitaka niondoe maneno niliyomwambia meneja, nikaondoka mimi, maneno yakabaki. Nikamtazama mwanangu nikamwambia, "Kwani kule kuna nini mpaka ukahamisha jina bila kuniambia?"

Hapo ndipo sauti yake ikapanda. "Kuna kazi, baba! Uchaguzi uliopita nilipokuja huku nilirudi nikakuta nimeondolewa zamu, nikakaa chini nikifagia mwezi mzima. Mwaka huu mkubwa wa zamu katuambia, anayetaka ruhusa ya kura akatafute kreni kwao. Ningefanya nini? Nisipige? Mimi sijawahi kukosa kura, hata mwaka tuliomzika mama nilipiga, ulinishika mkono mwenyewe mpaka mlangoni ukaniambia mtu asiyepiga kura asilie na mtu. Umesahau?"

Sikusahau.

"Na leo nimeomba ruhusa ya siku moja kwa kusema baba anaumwa. Sikuweza kuwaambia baba yangu kanipeleka kwa tume."

Nikaomba fomu. Nikaandika NALIONDOA. Herufi zilitoka ndogo, sijui kwa nini. Msimamizi akaweka sahihi, akainama tena chini ya majina, akatoka.

Hapakuwa na mahali pa kukaa chumbani, tukakaa jikoni. Nikampikia chai, nikaweka sukari anavyopenda, akasema siku hizi hatii sukari, akainywa hivyo hivyo. Nikampeleka kituo cha basi chini ya mwavuli mmoja, mimi bega moja nje.

"Ungeniambia tu nije, baba."

"Nilikupigia."

"Ulinipigia ukaniambia habari ya mwizi mwenye kikohozi."

"Sasa wewe hukuelewa?"

"Nielewe nini?"

Basi likapiga honi. Akasema atakuja. Nikauliza lini. Akasema akipata nafasi. Nikamwambia mtu anayenyanyua makontena hawezi kushindwa kuinua nafasi. Akacheka kidogo, akapanda. Alikaa upande wa pili wa basi, dirisha lake sikuliona.

Jumamosi, tarehe 28

Nimelala.

Jumatano, tarehe 8, mwezi wa nne

Gari la tume limekuja kuchukua makaratasi na mbao. Karani alikuja nalo. Amepewa onyo la maandishi kwa ajili ya chumba changu. Nikamwambia nitakwenda kwa msimamizi nimweleze kosa ni langu. Akasema, "Mzee, tafadhali, usinisaidie." Kisha akacheka, mara ya kwanza mbele yangu, na mimi nikacheka. Ana mwanya. Anatoka mbali, kumbe naye hapa hana mtu, mwezi mzima tulikula kila mtu upande wake wa ukuta.

Jumatano, tarehe 15

Fundi cherehani kafunga duka mapema akaja kukaa. Nikamuuliza anataka nini. Akasema amekuja kuangalia jina lake. Nikamwambia maonyesho yalikwisha mwezi uliopita, mpumbavu wewe. Akasema, "Basi naangalia lako," akabaki mpaka mvua ilipokatika. Hatukuzungumza la maana. Habari ya kitanda hakuigusa, na kwa mtu kama yeye hiyo ni saumu.

Jumapili, tarehe 19

Ujumbe kutoka kwa mwanangu: "Baba, umeamkaje?" Nilianza kumwandikia nimeamka kama simba. Nikafuta. Nikaandika: "Peke yangu." Nikaikodolea macho, nikafuta. Nikatuma: "Vizuri."

Jumapili, tarehe 26

Leo ni kupiga kura.

Nilifika kituoni kabla ya masanduku. Askari alinikuta mlangoni, nikawa wa kwanza kwenye foleni na nyuma yangu watu wakajipanga mpaka barabarani. Karani alikuwa ndani kwenye meza ya kuhakiki majina, nikamwona kupitia mlango, akanipungia kalamu. Mvua hakuna, mawingu tu.

Walipokaribia kufungua, simu ikalia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kuna nini?" Ikanitoka hivyo hivyo, maneno yake mwenyewe.

"Hakuna kitu. Nimetoka zamu ya usiku, niko kwenye foleni. Haisogei. Sina mtu ninayemjua hapa. Nizungumzishe."

Nikafungua mdomo nimwambie mimi huku ni wa kwanza. Nikaufunga. Nikamuuliza, "Mbele yako yuko nani?"

"Mzee mmoja kavaa koti. Kama lako."

"Na nyuma?"

"Msichana ana mtoto mgongoni. Mtoto anavuta kola yangu."

"Mwache avute."

Mlango ukafunguliwa. Askari akasema, "Mzee, wa kwanza, karibu. Zima simu."

Nikamwambia aliye nyuma yangu, "Pita." Akanishangaa, akapita. Nikamuuliza mwanangu hiyo foleni yake inapita wapi. Akasema inazunguka ukuta wa shule, ukuta una picha za wanyama zilizochorwa na watoto, twiga hana shingo. Nikacheka. Aliyefuata nikamwambia pita. Akaniambia kahawa ya huko ni mbaya, na akiwa juu ya kreni alfajiri anaona taa zote za mji zinazimika kwa pamoja na kila mara anatamani mtu wa kumwonyesha. Mimi sikuwa na habari hizo. Miaka yote hii nimewasimulia watu kreni yake na sikuwahi kumuuliza akiwa kule juu anaona nini.

Nikawapisha na wengine. Mwenye bucha akapita, mama wa mkaa akapita, kila mmoja ananiangalia. Fundi alipofika akasema, "Wewe leo unaumwa?" Nikamwashiria anyamaze, apite. Akakitazama kile kisimu sikioni mwangu, akapita kimya.

"Twiga nimempita," akasema mwanangu. "Sasa niko kwa tembo."

"Tembo ana nini?"

"Tembo wamempatia. Kabaki mzee wa koti, kisha mimi."

Kwangu nyuma hapakuwa na mtu tena. Askari akaja akasimama mbele yangu, mikono kiunoni. "Mzee, umewapisha watu wote. Unaingia au huingii?"

"Ngoja," nikamwambia. "Binti yangu bado yuko mlangoni."

Askari akageuza shingo kuangalia mlangoni. Hakukuwa na mtu.

"Baba, wananiita," akasema. "Naingia."

"Haya, mwanangu," nikasema. "Tuingie."

Lakini simu alikuwa ameshaizima.